Bili Ndogo za Ghorofa ya Tatu

Fundi Vahit hakuwa na simile na mtu anayesifia boila kabla haijafunguliwa. Ukimwambia, "Fundi, hii ni ya Kijerumani," anakujibu kwamba hata Wajerumani hufa. Ukimwambia imekaa miaka saba bila kuguswa hata skrubu, anakutazama kwa huruma, kama daktari wa meno aliyeambiwa na mgonjwa kwamba hajawahi kupiga mswaki. Kwake boila ilikuwa sanduku jeupe la bati lililotundikwa ukutani, linalopasha maji na nyumba kwa gesi, na sanduku halisemi kitu mpaka ulifungue. Basi.

Na ukorofi huo huo ndio uliomfanya aaminiwe. Pale Erzurum, mashariki mwa Uturuki, wapangaji wengi hununua boila zao wenyewe, maana wenye nyumba ni watu wa mkono wa birika. Mpangaji akihama, ama aing'oe aende nayo, ama amwachie anayeingia. Akimwachia, lazima pawe na bei, na kwenye bei ndiko watu hugombana hadi wakavunja vikombe. Hapo huitwa fundi anayeaminiwa na pande zote mbili. Anafungua, anatazama, anasikiliza, anataja bei, na neno lake halirudiwi. Vahit alikuwa amefanya kazi hiyo miaka ishirini na hakuwahi kuchukua hata kuruşi moja kwa mtu. Alikunywa chai tu, donge la sukari likiwa limebanwa shavuni kama wanavyokunywa watu wa kwao, kisha akaenda zake.

Alikuwa na tabia moja ambayo mkewe, Mungu amrehemu, aliicheka sana. Kila boila aliyoihudumia, upande wa ndani wa kifuniko, aliandika kwa penseli tarehe na maneno mawili matatu. "Oktoba. Mwali wa bluu. Pampu nzima." Mwaka unaofuata anaandika chini yake. Mkewe alikuwa akimwambia kwamba hajawahi kumwandikia yeye hata barua moja, ila masanduku ya bati ya watu kayaandikia vitabu.

Sasa siku ya Alhamisi, theluji ya kwanza imeshakaa juu ya mlima Palandöken, alipigiwa simu na Nilgün, binti wa marehemu Hayri wa reli. Nilgün alikuwa anakuja kesho yake asubuhi kutoka İzmir kumchukua mama yake. Mama alikuwa na miaka sabini na mmoja, na baridi ya huku imemshinda, sasa angeishi kwa bintiye kule ambako watu huvaa kanzu nyepesi hadi Desemba. Wapangaji wapya walikuwa tayari, na boila walitaka kuinunua. "Ami Vahit," alisema, "wao wenyewe ndio wamekutaja. Na mimi nikasema, kuna mwingine basi?"

Vahit aliitikia kwa mkato. Alipokata simu alikaa kwenye kiti chake akiwa na kinyongo, na kinyongo hicho kilikuwa cha miaka minne.

Hayri alikuwa rafiki yake. Boila ile Vahit ndiye aliyeitundika kwa mikono yake miwili, mwaka ambao gesi ilifika mtaani mwao, na kila Oktoba alikwenda kuihudumia, wakamaliza kwa chai na kete ya moto, mkate wa siagi usio na mfano wa Saadet, mke wa Hayri. Kisha huja ugomvi wa Vahit na Hayri. Kila mwaka waligombana kwa jambo lile lile: Hayri aliwasha boila hadi nyumba ikawa hamamu, halafu akafungua dirisha. Alikuwa akisimama dirishani na fulana ya ndani huku nje ni nyuzi ishirini chini ya sifuri. Vahit, ambaye hakuna kitu duniani alichokichukia kama dirisha wazi na boila inawaka, alikuwa nusura apasuke. Saadet naye anapiga kelele kutoka jikoni: "Funga hilo dirisha wewe mwanamume! Unaupashia moto mlima!" Na Hayri anajibu kwa upole kwamba mlima nao ni kiumbe wa Mungu, nao unasikia baridi.

Hayri alifariki mwezi wa Agosti. Oktoba ile Vahit alikwenda, akahudumia boila, akanywa chai peke yake, akaenda zake. Oktoba iliyofuata Saadet hakumwita. Wala ya pili, wala ya tatu, wala ya nne. Vahit aliona haya kujipeleka, mjane ni mjane na watu wana midomo. Akajiambia shemeji kapata fundi mwingine, kijana labda, wa hawa wanaokuja na kompyuta na kuondoka bila hata kuondoa kifuniko. Jambo hilo lilimuuma kuliko alivyotaka kukubali. Alilifukuza mawazoni, likarudi. Mzee mzima, miaka sitini na sita, anamwonea wivu fundi mwenziwe asiyemjua.

Ijumaa baada ya sala akapanda ngazi na sanduku lake la vifaa. Nilgün alimfungulia mlango, akambusu mkono na kuugusisha kwenye paji la uso kama mtoto alivyofunzwa. Sebuleni walikuwa wamekaa wapangaji wapya, kijana mmoja anaitwa Oktay, mwalimu wa hesabu, na mkewe Pınar, ambaye tumbo lake lilikuwa la miezi saba kama si minane. Saadet alitoka jikoni. Alikuwa amekonda. Alikuwa amevaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, na soksi nene za sufu.

"Karibu, Fundi," alisema, bila kumtazama sana.

"Shukrani, shemeji," alijibu naye, baridi kama rejeta za ukutani mle ndani, yale mabati ambamo maji ya moto ya boila hupita kupasha vyumba.

Na kweli zilikuwa baridi. Nilgün alieleza kwamba alipofika asubuhi mama alimwambia boila imezimwa makusudi ili fundi aikute imepoa. Vahit akaguna. Hakuna fundi aliyewahi kuomba hivyo.

Kisha Nilgün akafanya kile ambacho Vahit hakukivumilia. Akasifia. Akatoa simu, akawaonyesha Oktay na Pınar bili za gesi za majira manne ya baridi, kwani zilikatwa kwenye akaunti yake kule İzmir. "Tazameni Januari hii. Tazameni Februari. Boila hii haili gesi kabisa! Rafiki zangu kule hawaamini. Nawaambia mama yangu yuko Erzurum na bili yake ni ndogo kuliko yangu." Alikuwa na furaha ya kweli, maskini. Miaka kumi na minane ya İzmir ilikuwa imemsahaulisha Januari ya kwao inavyokula gesi.

Oktay alikuwa ameshapiga hesabu zake kwenye kijitabu. Alimweleza Vahit kwamba kulikuwa na nyumba nyingine karibu na shule yake, nafuu ya kodi, lakini kwa bili hizi hapa wangeokoa zaidi, na Pınar angeacha kazi hadi mtoto afikishe mwaka. Wameshaamua. Limebaki neno la fundi tu.

Vahit alitazama bili ya Januari. Akaitazama tena. Akairudisha simu, akaenda jikoni.

Aliweka miwani, akafungua skrubu nne, akashusha kifuniko. Jambo la kwanza, kabla ya yote, akageuza kifuniko kuona mwandiko wa huyo fundi mwingine. Palikuwa na safu ya maandishi yake mwenyewe, moja chini ya nyingine. La mwisho lilikuwa la Oktoba ile baada ya Hayri. Chini yake bati tupu. Hapakuwa na mwandiko wa mtu, wala alama ya bisibisi ngeni kwenye skrubu hata moja. Hapakuwa na fundi mwingine. Hajawahi kuwapo.

Moyo ulimruka kidogo, kisha ukaanza kuuliza maswali.

Akamulika tochi. Mapezi ya shaba yanayopasha maji, ambayo kwa umri ule yangekuwa na masizi na utando wa kijani, yalikuwa masafi. Akabonyeza vali ya tangi la hewa. Hewa ikatoka, maji hayakutoka, tangi zima. Akafungua bomba la maji ya moto: boila ikawaka mara moja, mwali wa bluu, pampu ikanguruma kwa adabu. Vizuri. Akageuza kitufe kutoka kwenye picha ya jua hadi kwenye picha ya theluji, yaani maji ya moto yaache bomba yaende kwenye rejeta. Akangoja, kiganja kikiwa juu ya bomba la kuelekea rejeta. Baridi. Akangoja tena. Baridi ile ile.

Ndani ya kila boila kuna vali moja ya shaba inayoelekeza maji, huku bombani, huku kwenye rejeta. Vali hiyo hugeuka mara elfu kwa majira ya baridi moja. Hii ilikuwa imeganda upande wa bomba, na vali haigandi hivyo kwa wiki wala kwa mwezi. Inataka miaka. Vahit alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa akaitazama, na taratibu akaelewa kila kitu: bili ndogo, sweta mbili, na Oktoba nne ambazo hakuitwa.

Mjini pale kila mtu anajua kwamba nyumba ya ghorofa ya kati huota moto wa jirani. Kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi. Chini ya Saadet alikaa Müzeyyen na watoto wake wanne, waliowasha kama tanuri la mkate. Joto lao lilipenya dari likawa sakafu ya Saadet. Mtu hagandi hapo. Lakini hapati joto pia. Anakaa katikati, miezi sita, na blanketi mabegani.

Saadet aliingia na chai. Akaona kifuniko kimegeuzwa, akaona uso wa Vahit, akaweka sinia polepole.

"Shemeji," Vahit alisema kwa sauti ya chini, "fundi wako siku hizi ni nani?"

"Ni wewe," alijibu. "Nina mwingine?"

"Haijapasha nyumba tangu Hayri."

Saadet alichungulia sebuleni. Akafunga mlango wa jikoni kwa mgongo wake. "Usimwambie Nilgün. Kila Jumapili ananiuliza, mama, unapata joto? Nami namwambia, kama tanuri. Niache niondoke hivyo hivyo, Fundi. Kesho kutwa nimeshapanda ndege. Itaje bei, imekwisha."

Jamani, mtu huyu angefanya nini? Miaka ishirini hakuwahi kuficha hata kutu ya ukubwa wa dengu. Akinyamaza, yule kijana na mkewe watahamia hapa kwa ajili ya bili ambazo si za boila hii wala nyingine yoyote, na Januari, na mtoto mchanga ndani, watapata bili ya kweli. Akisema, atamvua mjane wa rafiki yake sitara mbele ya bintiye. Boila yenyewe ilikuwa nzuri, nzuri sana, na uzuri wake ndio ulikuwa ushahidi.

"Shemeji, siwezi kuwauzia bili zile," alisema. "Sababu sitaitaja. Nitasema wasizitegemee."

"Atauliza kwa nini."

"Atauliza," Vahit akakubali.

Akageukia kazi, kwa sababu mikono yake ilikuwa bora kuliko ulimi wake. Akaipigapiga vali kwa mpini wa bisibisi, taratibu, pembeni, kisha akaizungusha kwa koleo nusu nukta, nusu nukta. Ikalegea. Ikaruka upande wa pili kwa mlio mdogo. Chini ya kiganja chake bomba likaanza kuwa vuguvugu, kisha moto. Sebuleni rejeta zikaanza kukoroma kwa hewa ya miaka minne, na Nilgün akasikika akicheka, "Hee, imeamka!" Vahit akapita na ufunguo mdogo kutoa hewa, rejeta moja baada ya nyingine, na kila moja ilitema maji meusi kwenye bakuli. Harufu ya vumbi linaloungua ikajaa nyumba nzima. Nilgün akaacha kucheka. Alikuwa bado mtoto wa Erzurum, na harufu ile aliijua: ni harufu ya siku ya kwanza ya mwaka kuwasha. Ila akadhani labda ndiyo kwanza Novemba, mama bado hajaanza.

Wakakaa. Vahit akatia sukari shavuni, akanywa, akasema boila ni nzima. Ya miaka kumi na minne, lakini imefanya kazi kidogo kuliko umri wake. Vali moja ibadilishwe kwa gharama ya muuzaji. Thamani yake ni nusu ya bei ya mpya na kidogo juu yake. Oktay akaandika. Kisha akauliza lile lile lililoogopwa jikoni.

"Kwa hiyo, Fundi, tukipiga hesabu kwa bili hizi, hatukosei?"

Vahit akafungua mdomo. Maneno yalikuwepo, ameyapanga jikoni: msizitegemee, basi. Lakini Nilgün alikuwa akimtazama kwa tabasamu la baba yake, na Vahit mkorofi, Vahit asiye na simile, ulimi ukamnata. Akageuza bilauri ya chai mkononi. Pınar, akingoja jibu, akaweka mkono tumboni.

Saadet aliuona mkono ule.

"Mnakosea, mwanangu," alisema. "Bili hizo si za boila. Sikuiwasha."

Kalamu ya Oktay ikasimama juu ya kijitabu. Saadet akaendelea:

"Nilikuwa naoga maji ya moto tu. Joto lilikuwa la Müzeyyen wa chini, Mungu amlipe. Nampelekea kete kila Ijumaa, na hajawahi kuniuliza za nini."

"Tangu lini?" Nilgün aliuliza.

"Tangu baba yako."

Nilgün akasimama, akakaa tena. Alianza kwa hasira, kama anavyoanza mtu aliyeumia: kila Jumapili nimekuuliza, mama, kila Jumapili, na mimi kule nawasimulia watu, naringa na hizi bili! Akaitupa simu kwenye kochi kana kwamba imemchoma. Halafu hasira ikamwishia njiani, akaziona sweta. Asubuhi nzima alikuwa ameziona bila kuziona.

"Kwa nini, mama? Si kwa pesa. Mimi ndiye niliyekuwa nalipa."

Saadet alivuta mikono ya sweta hadi kwenye vidole. Alisema alijaribu. Baada ya arobaini ya Hayri, Vahit alipokwisha kuihudumia, aliiwasha jioni moja. Nyumba ikapata joto vizuri, joto la zamani. "Nikasikia jasho, nikageuka nimgombeze afunge dirisha," alisema. "Dirisha lilikuwa limefungwa. Nikaizima. Nikajiambia nitaiwasha kesho. Kesho ikawa leo."

Nilgün alikwenda akapiga magoti mbele ya mama yake akamlalia mapajani, mwanamke wa miaka arobaini na tatu, na Saadet akamshika nywele. Oktay alitazama kijitabu chake kwa haya. Vahit akaivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Na mimi," Saadet alimwambia Vahit juu ya kichwa cha bintiye, "nilishindwa kukuita. Ungekuja, ungefungua, ungejua."

"Mimi nilidhani umepata fundi kijana," Vahit alisema.

"Kijana!" Saadet alisema. "Hata pete ya mpira hawajui kuibadilisha."

Vahit hakuwahi kusikia neno tamu kama hilo tangu afiwe na mkewe. Akakohoa, akamgeukia mwalimu wa hesabu akampa hesabu ya haki: azidishe Januari ile mara nne, na kwa mtoto mchanga aongeze kidogo. Sakafu itakuwa vuguvugu bure, hilo alihesabu kama baraka. Na kama bado wanaitaka nyumba ya karibu na shule, waende, hakuna atakayewalaumu, boila atamtafutia shemeji mnunuzi mwingine. Oktay na Pınar wakaenda kunong'ona ukumbini. Waliporudi, Pınar ndiye aliyesema. Walikuwa wameona nyumba sita, na katika zote sita kila mtu alisifia kitu chake. Hii ndiyo ya kwanza mtu amewaambia ukweli kwa hasara yake. Wataichukua, na yeye atafanya kazi hadi mwezi wa mwisho, si mwisho wa dunia.

Wakati huo nyumba ilikuwa imepata moto kweli kweli. Boila ilikuwa inafanya kazi kama mfanyakazi aliyerudi kutoka likizo ndefu. Vioo vya madirisha vikafanya ukungu. Oktay akavua koti, Nilgün akavua kizibao, mashavu ya Pınar yakawa mekundu. Vahit akaenda jikoni kurudisha kifuniko, na kabla ya kukifunga akatoa penseli sikioni, akaandika chini ya mstari wake wa mwisho: tarehe, mwali wa bluu, pampu nzima. Akafikiri kidogo. Akaongeza: Saadet yupo nyumbani.

Aliporudi sebuleni, Saadet alikuwa amesimama. Alivua sweta ya juu, akaikunja. Akavua na ya pili. Alibaki na blauzi nyembamba yenye maua, mikono yake mikondefu nje, jasho dogo juu ya mdomo. Akaenda dirishani, akashika komeo lililokuwa gumu kwa kutofunguliwa, akalivuta. Dirisha likafunguka kwa upana wake wote, na hewa ya Palandöken ikaingia na harufu ya theluji.

"Mama, utapata mafua," Nilgün alisema.

"Acha," Saadet alisema, ameegemea, uso nje. "Acha mlima upate moto kidogo na wenyewe. Ni kiumbe wa Mungu."

Wote wakamtazama Vahit, maana walimjua. Boila inawaka kwa nguvu zote, dirisha liko wazi hadi mwisho, na gesi ya watu inakwenda mlimani. Vahit alichukua bilauri yake, akatia donge la sukari shavuni, na kwa mara ya kwanza maishani hakusema kitu.